Cheti cha Mpishi Chathibitisha Nini?

Neno cheti lilitufikia kutoka Kihindi, na hapo kale lilikuwa jina la kipande cha karatasi chenye ujumbe mfupi. Leo hii maana yake imepanda daraja: cheti ni ushahidi. Cheti cha kuzaliwa hushuhudia kwamba mtu alizaliwa. Cha ndoa, kwamba wawili walioana. Cha mtihani, kwamba mtahiniwa alisoma akafuzu. Swali ninalotaka kuwauliza walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi ambao hula mlo wao bwaloni bila kuwa na hiari ya kuchagua jiko, ni hili: kile cheti cha afya ambacho mpishi hudaiwa na mkaguzi, na ambacho katika mikahawa mingi hubandikwa ukutani karibu na bei za vyakula, kinashuhudia nini hasa?

Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, pamoja na kanuni za usafi wa chakula za mwaka 1978, mahali pa kuuzia chakula sharti pawe na leseni, na mwenye kukishika chakula hicho sharti apimwe afya yake. Desturi ni kupimwa kila baada ya miezi 6. Mpishi huenda katika zahanati au hospitali, hutoa kinyesi kikapimwa, hulipa ada, karatasi ikapigwa muhuri, naye akarejea jikoni kwake. Tangu Katiba ya 2010, leseni na usimamizi wa biashara za kuuzia umma chakula ni jukumu la serikali za kaunti, lakini utaratibu wenyewe haukubadilika sana. Kinachopimwa ni mwili wa mpishi. Hakuna anayeyapima maarifa yake.

Sisemi kwamba kuupima mwili ni upuuzi. Kuna kisa mashuhuri cha Mary Mallon, mpishi wa New York ambaye mnamo 1907 aligunduliwa kuwa alibeba viini vya homa ya matumbo ilhali yeye mwenyewe ni mzima wa afya, na ambaye alikuwa amewaambukiza watu wa nyumba kadhaa alizozifanyia kazi. Alitengwa hadi 1910, akaachiliwa, akarudia upishi, akatengwa tena kuanzia 1915 hadi alipofariki mwaka 1938. Kisa kama hicho ndicho kilichoyatia nguvu mawazo ya kumpima kila mpishi. Hata hivyo, kipimo cha kinyesi ni kama picha: huonyesha hali ya siku ile. Anayepimwa Jumatatu akaonekana safi aweza kuambukizwa Alhamisi, na cheti chake kikaendelea kumtetea kwa miezi mitano na zaidi. Isitoshe, abebaye viini vya homa ya matumbo huvitoa kwa vipindi, na siku ya kupimwa yaweza kuwa siku ambayo havitoki. Ndiyo sababu tangu mwaka 1989 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani liliona kwamba kuwapima wahudumu wa chakula mara kwa mara hakuzuii magonjwa kwa kiwango kinacholingana na gharama yake, na kwamba lenye manufaa zaidi ni kuwafunza.

Nasi tulifanya nini? Mnamo 2017, kipindupindu kilipozuka Nairobi na kuwakumba hata wageni wa mikutano katika hoteli za hadhi, wakiwamo wataalamu wa afya waliokutana kujadili mambo ya afya, Wizara ilivifuta vyeti vyote vya wahudumu wa chakula na kuamuru kila mmoja apimwe upya. Ilikuwa hatua kali, na huenda siku ile ilihitajika. Lakini tazama mantiki yake: cheti kimeshindwa kutukinga, basi na tutafute cheti kingine cha aina ile ile.

Mama mmoja auzaye chakula karibu na chuo ninakofundisha, ambaye wali na maharagwe yake yamewashibisha wanafunzi wangu wa miaka mingi, alinieleza jambo hili kwa lugha nyofu kuliko yangu. "Mwalimu," alisema, "mimi nimepimwa hata nikachoka. Lakini sijapata kuulizwa hata siku moja, wali ukibaki naufanyaje."

Nikamuuliza, "Na ungeulizwa, mama, ungejibuje?"

Akacheka. "Ningesema nanusa."

Jibu hilo si la kuchekwa. Mimi ni mwanaisimu, si daktari, na kazi yangu ni maneno. Kwa hiyo niruhusiwe kusema kwamba mama yule alijibu kama Kiswahili chenyewe kinavyomfunza. Lugha yetu ni tajiri mno katika kueleza chakula kilichoharibika. Uji huchacha, maziwa huganda, samaki huvunda, embe huoza, unga huingia ukungu. Tuna uvundo, tuna ubichi, tuna ukoko, tuna kiporo, na Waswahili wa zamani wana mwiku pia, yaani chakula kilicholala kikaliwa asubuhi. Ndugu zetu wa Tanzania wamelipenda neno kiporo kiasi kwamba hata mechi ya kandanda iliyoahirishwa huiita hivyo. Msamiati wote huu umejengwa juu ya pua, ulimi na jicho. Chakula kibaya, kwa mujibu wa maneno yetu, ni kile kinachonuka, kinachokera ulimi au kinachobadili rangi. Na kwa karne nyingi maarifa hayo yaliwafaa wazee wetu. Hata yaliwafunza kwamba si kila kilichochacha ni kibaya, la sivyo tusingekuwa na uji wa wimbi wala maziwa ya mala.

Shida ni kwamba viini vinavyoua mara nyingi havinuki.

Chukua huo wali wa kiporo, ambao wengi wetu tuliupenda utotoni ukipashwa moto na kuliwa kwa chai. Mchele hutoka shambani ukiwa na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Spora hizo ni mfano wa mbegu ngumu: maji yakichemka hufa bakteria, lakini spora nyingi husalimika. Wali ukiachwa sufuriani juu ya meza usiku kucha, katika joto la chumba, spora huamka, bakteria wakazaana, na baadhi yao wakatoa sumu ya kutapisha. Asubuhi mpishi huupasha moto mpaka ufukize mvuke. Bakteria wanakufa, ndiyo, ila sumu waliyokwisha kuitoa haivunjwi na moto huo. Wali haunuki, hauna utelezi, hauna kasoro yoyote iliyo na jina katika lugha yetu. Pua ya mama yule, hata iwe kali namna gani, haiwezi kumsaidia.

Au tazama sufuria kubwa ya githeri katika shule ya bweni. Mwalimu anayesoma makala haya anaijua. Imepikwa jioni ili iliwe kesho adhuhuri, imefunikwa, na mpishi amekwenda kulala akiwa na hakika kwamba kilichochemka kimetakasika. Kumbe ukubwa wa sufuria ndio hatari yenyewe. Pembezoni githeri hupoa, lakini katikati hubaki na uvuguvugu saa baada ya saa, na uvuguvugu ndio malisho ya bakteria. Wataalamu hutaja eneo la hatari kuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo bakteria wengi huzubaa, juu ya hapo hushindwa kuzaana. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kikipashwa kifikie nyuzi 70 hadi katikati yake. Dawa ya sufuria kubwa ni rahisi: chakula kigawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina, kipoe upesi, kiingie katika jokofu, na pasipo jokofu, kipikwe siku ile ile kinapoliwa. Maarifa hayo hayamgharimu mpishi ila kuambiwa. Nani amemwambia?

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 miongoni mwao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile ambayo wanasayansi huiita aflatoksini. Kuvu huota katika mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Ndiyo maana unyevu wa mahindi ya ghalani hautakiwi kuzidi asilimia 13.5. Sumu yake haichemki ikaisha. Ugali ukisongwa kwa ustadi wowote ule, sumu imo, na kuvu ikiwa imekwisha kukobolewa na kusagwa, jicho halioni kitu. Hapa hata mpishi aliyefunzwa vyema hana la kufanya mbele ya jiko. Alipaswa kusema mapema, gunia liliposhushwa kutoka kwenye lori.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha hoja yangu, kwa maana katika shule zetu mpishi hana kauli. Mahindi hununuliwa na wengine kwa zabuni, huletwa na wengine, huhesabiwa na wengine. Yeye hukabidhiwa debe na kuambiwa wanafunzi ni mia nane. Akiona ukungu, amwambie nani? Akikataa kupika, atakula wapi yeye na watoto wake? Mnamo Aprili 2023 shule moja ya bweni ya wasichana katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kufa, na vipimo vya Wizara ya Afya vikaonyesha bakteria wa E. koli na wa Salmonela. Maswali mengi yaliulizwa wakati huo kuhusu usimamizi, ununuzi, maji na vyoo. Lililonishughulisha mimi ni dogo: katika shule ile, na katika shule nyingine zote za aina yake, ni nani ambaye kazi yake kwa jina ilikuwa kukizuia chakula kisiende mezani?

Nchi nyingine zimelijibu swali hilo kwa kumbuni mtu. Nchini Australia, jimbo la New South Wales lilianza mwaka 2010 kuzitaka biashara za chakula, mikahawa na nyinginezo, ziwe na msimamizi wa usalama wa chakula, na tangu tarehe 8 Desemba 2023 kanuni ya taifa, nambari 3.2.2A, imeleta sharti la namna hiyo kwa wale wote wanaoandaa na kuwauzia watu vyakula viharibikavyo upesi na vilivyo tayari kuliwa. Msimamizi huyo si lazima awe mwenye biashara, wala si lazima awe mpishi mkuu. Sharti ni kwamba amesomea kazi hiyo katika chuo kilichoidhinishwa, kwamba cheti chake hakijapitisha miaka 5, na kwamba anapatikana jikoni au karibu nalo ili awaongoze wengine. Wahudumu wenzake nao lazima wawe wamefunzwa kwa kiwango cha kazi zao. Kanuni hiyo yadai pia kwamba msimamizi awe na mamlaka na uwezo wa kutoa maagizo kuhusu chakula. Sikuona neno lenye thamani kuliko hilo la mamlaka. Maarifa bila mamlaka ni yale ya mpishi wetu aliyeuona ukungu akanyamaza.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Namjibu kwamba utajiri peke yake haukuwakinga. Mwaka 1996, katika mji wa Wishaw huko Scotland, bucha moja yenye sifa kubwa, ambayo wateja waliimiminikia kwa ubora wa nyama yake, ilikuwa chanzo cha mlipuko wa bakteria wa E. koli aina ya O157. Waliofariki walikuwa wapatao 20, wengi wao wazee, baadhi wakiwa wamekula chakula cha mchana kanisani. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyama mbichi na nyama iliyopikwa hazikutenganishwa ipasavyo: vifaa vile vile, mikono ile ile. Duka lilipendeza macho. Profesa Hugh Pennington, aliyeongoza jopo la kuchunguza msiba huo, alipendekeza mwaka 1997 kwamba mabucha ya namna hiyo yapewe leseni maalum na wahusika wafunzwe kuzitambua hatari na kuzidhibiti.

Msomaji na aende sasa penye nyama choma, popote pale, siku ya Jumamosi. Atazame ule ubao. Nyama mbichi imekatiwa hapo kabla ya kupanda jikoni. Mbuzi aliyeiva anarudishwa hapo hapo akatwe vipande. Na kachumbari, ambayo haipiti motoni kabisa, inakatiwa hapo hapo kwa kisu hicho hicho. Ubao umepanguswa kwa kitambaa, pengine kimewekwa hata limau. Kwa jicho letu ni safi. Kiswahili hutumia neno safi kwa uzuri wote: nguo safi, kazi safi, mtu safi. Salama ni neno jingine kabisa, nalo huzungumzia kile ambacho hakitakudhuru. Ubao safi si lazima uwe ubao salama, na nionavyo, nusu ya mafunzo ya msimamizi ni kuyatenganisha maneno hayo mawili katika akili za watu.

Hilo lanileta kwenye lugha ya mafunzo, ambayo haiwezi kuachwa kwa wahasibu. Kanuni zetu za chakula zimeandikwa kwa Kiingereza. Mafunzo machache yaliyopo, yale ambayo hoteli kubwa huwalipia watumishi wao, aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, na hujengwa juu ya utaratibu uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 ili chakula cha wanaanga kisiwadhuru huko angani. Utaratibu wenyewe ni mzuri: fuata chakula hatua kwa hatua tangu mlangoni hadi sahanini, tambua mahali ambapo hatari yaweza kuingia au kukua, chagua mahali ambapo ukikosea hapatakuwa na nafasi ya kusahihisha, kisha pawekee mpaka unaopimika na uandike ulichopima. Mama wa kibanda aweza kuuelewa kwa dakika 10. Lakini mkabidhi kijitabu chake kama kilivyo, au mkabidhi tafsiri ya ofisini isemayo "uchafuzi mtambuka katika vituo nyeti vya udhibiti", naye atakikunja akafungie mandazi. Aambiwe: kisu cha nyama mbichi kisiguse kachumbari. Hapo hajadharauliwa, wala sayansi haijapunguzwa.

Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu kwa nini mtihani wa msimamizi wa chakula usitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kusubiri kutafsiriwa. Wala usiwe wa kuandika tu. Fundi wa magari na fundi wa umeme nchini humu hupimwa daraja la ufundi kwa kazi ya mikono yao. Mpishi naye asimame mbele ya sufuria, apewe kipimajoto, aonyeshe ni wapi atakichomeka na ni joto gani litamfanya aseme bado. Asiyejua kusoma aulizwe kwa mdomo. Wapo wapishi hodari wasiojua kuandika jina lao, na sioni jinsi ambavyo kuwafukuza kutaufanya wali wetu uwe salama zaidi.

Pingamizi lililo na uzito ni la fedha na rushwa. Wafanyabiashara wadogo wamechoka na vibali. Leseni ya kaunti, ushuru wa kila siku, cheti cha afya, na sasa kingine? Kikija kama kitega uchumi cha kaunti, kitauzwa mlangoni kama vinginevyo, na mwenye kibanda atakinunua bila kuhudhuria somo hata moja. Hofu hiyo ni ya kweli, na kwa sababu hiyo singependa sharti hili lianzie vibandani. Lianzie mahali ambapo walaji ni wengi, hawana hiari, na mwajiri ana uwezo: shule za bweni, vyuo, hospitali, magereza, na wapishi wa karamu na matanga. Na ada ya kupimwa kinyesi kila miezi 6, ambayo kwa miaka mingi imemlipisha mpishi kwa faida ndogo, igeuzwe iwe karo ya mafunzo yake mara moja kila miaka kadhaa. Asiyejisikia vizuri, mwenye kuhara au jipu mkononi, aruhusiwe kukaa nyumbani bila kukatwa mshahara. Kipimo hicho hakihitaji maabara.

Kwa shule hakuna haja hata ya kuisubiri sheria. Bodi ya shule yaweza kuamua katika kikao kimoja kwamba mtu fulani, kwa jina, ndiye msimamizi wa chakula, kisha ikamwomba afisa wa afya ya umma wa eneo lake aje likizo ya Agosti, majiko yakiwa matupu, awafunze wapishi kwa siku 2. Yaweza kumnunulia kipimajoto na daftari. Yaweza kuandika katika kumbukumbu zake kwamba gunia la mahindi halipokelewi ghalani bila sahihi ya mtu huyo, na kwamba akisema chakula kimwagwe, kinamwagwa, hata kama mwalimu mkuu hayupo na wanafunzi mia nane wamekwisha kupanga foleni.